Waliokimbizana angani wakakwama kwetu

Haya jamani, leo tuwaache wanasiasa wapumue. Nimerudi juzi kutoka nyumbani Kibondo, viatu bado vina udongo mwekundu wa kule, na kuna jambo limenikaa kichwani tangu niko darasa la tatu. Leo nalitoa.

Mliokulia Dar hamtanielewa haraka. Mwaka 2005 sisi Kibondo hatukuwa na lami, ila ndege tulikuwa nazo. Wilaya ilikuwa na kambi za wakimbizi kutoka Burundi, Nduta, Mtendeli, Kanembwa na nyingine, na mashirika yaliyokuwa yakiwahudumia yalitumia ndege ndogo zinazotua kwenye uwanja wa udongo. Ukisikia mngurumo, unatupa daftari, unakimbia. Mbuzi wanafukuzwa, baiskeli zinaondolewa, watoto tunajipanga pembeni kama wageni rasmi.

Sasa wakati wa mvua kulikuwa na mchezo. Ndege unaisikia, huioni. Wingu limelala juu ya vilima, rubani anazunguka huko juu anatafuta tundu la kupenya. Hapo sisi tunagawanyika makundi mawili: wanaosema itatua na wanaosema haitui. Dau ni miwa. Mimi nilikuwa mtu wa kusema itatua, na kwa hiyo nililipa miwa mingi kuliko mtoto yeyote pale mtaani kwetu.

Karibu na uwanja alikuwepo fundi baiskeli mmoja, mzee wa makamo ya babu yangu. Huyu hakuwa anatazama hata juu. Anaziba pancha yake, anauliza tu, "Saa ngapi sasa?" Ukimwambia saa nane mchana, anajibu, "Haitui hiyo." Na haitui kweli! Nikaanza kumshuku ni mganga. Siku moja nikajikaza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu unajuaje?"

Akacheka, akaonyesha kwa mdomo upande wa bonde. Tai walikuwa wanazunguka, wawili watatu, bila kupiga bawa hata mara moja. "Ukiwaona wale wanapanda bure, ujue hewa inachemka. Hewa ikichemka asubuhi, mchana mvua. Ndege ije saa mbili, tai wakiwa bado wamelala."

Tangu siku hiyo nikahama kundi. Nikawa mtu wa haitui, na miwa ikaanza kuja kwangu. Mpaka siku moja nimeshinda rundo zima, nimekaa natafuna, ndipo nikasikia watu wazima wakizungumza kwamba ndege ile iliyozunguka ikarudi ilikuwa imekuja kumchukua mgonjwa, mfanyakazi mmoja wa kambini aliyekuwa hoi. Wakampakia kwenye gari kumpeleka Kigoma mjini, kwenye tope lile mnalolisikia. Hakufika. Miwa nilikuwa nimeshaila.

Basi, nilipoanza kazi ya gazeti, kila nikipata mwanya nasoma habari za ndege za zamani huku kwetu magharibi. Nikagundua mchezo wetu ulikuwa na wakubwa zake. Watu wazima wenye vyeo na pesa za magazeti ya London waliwahi kukimbizana angani kupita upande wetu, na hewa ile ile aliyoisoma fundi baiskeli ndiyo iliyowaangusha.

Tuanzie ziwani. Ndege za kwanza kuonekana mkoa wa Kigoma zilikuja kupiga mabomu. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne za Uingereza aina ya Short, zinazotua majini, zikiwa vipande vipande, kupitia Kongo mpaka Ziwa Tanganyika. Windo lao lilikuwa meli ya Wajerumani Graf von Götzen iliyokuwa Kigoma. Ndiyo, hii hii MV Liemba mnayoijua: Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Rubani Mbelgiji Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka ziwa Juni 1916 wakaangusha mabomu yao bandarini. Lakini kazi kubwa haikuwa Wajerumani. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, joto kali, mawimbi hayatabiriki. Ilibidi kituo chao kihamishiwe kwenye ziwa dogo la Tongwe pembeni, lenye maji matulivu, ili ndege ziweze kujinyanyua. Behaeghe mwenyewe hakuuawa na risasi. Aliugua, akafa Niemba, Kongo, Desemba mwaka huohuo.

Ziwa ndilo sehemu ya chini kabisa ya mkoa. Ukipanda Kasulu au Kibondo unavuka mita 1,200, na ukiendelea mashariki hadi Tabora, kilomita 400 na kitu kwa reli kutoka Kigoma, bado uko kwenye uwanda huohuo wa juu. Na huko Tabora ndiko mbio zenyewe zilipokwama.

Vita vilipoisha, Uingereza ilitaka njia ya anga kutoka Cairo mpaka Cape Town, zaidi ya kilomita 8,000. Timu tatu za wapimaji zilitumwa kuchagua viwanja. Njia ilipita upande wa Ziwa Viktoria, ikashuka Tabora, ikaenda Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Buha yetu, yaani Kasulu na Kibondo, haikuwa hata mikononi mwa Waingereza. Ilikuwa chini ya Wabelgiji mpaka Machi 1921.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana vitabu vya marubani havisimami. Viwanja vile vilitengenezwa na nani? Adui mkubwa hakuwa miti, alikuwa kichuguu. Mnaovijua vichuguu vya kwetu hamhitaji maelezo: kirefu kuliko mtu, kigumu kama saruji, mizizi yake chini huko hujui inaishia wapi. Taarifa za Waingereza wenyewe za wakati ule zinasema pale Ndola peke yake watu 700 walifanya kazi kuanzia Aprili mpaka Agosti 1919 wakaondoa tani 25,000 za udongo wa vichuguu. Baruti haikusaidia sana. Ilikuwa majembe, mikuki na vikapu. Tani 25,000! Kwa uwanja mmoja! Kama ungetoa zawadi kwa haki katika mbio zile, ungeanza na hao 700. Majina yao siyaoni popote. Ya marubani nayajua mpaka ya mafundi wao.

Haya, mwishoni mwa 1919 serikali ya Uingereza ikatangaza njia iko tayari, na patashika ikaanza. Gazeti la The Times likadhamini ndege aina ya Vickers Vimy Commercial. Vimy ilikuwa na jina kubwa mno: Juni 1919 Alcock na Brown walivuka nayo Atlantiki bila kutua, na kabla mwaka haujaisha Ross Smith na wenzake wakaifikisha Australia. Injini mbili za Rolls-Royce, kila moja nguvu farasi 360. Nani angeogopa Tabora?

Ndani yake walikuwemo makapteni Cockerell na Broome, mafundi wawili, Wyatt na Corby, na abiria mmoja wa ajabu: Dk. Peter Chalmers Mitchell, katibu wa jumuiya iliyokuwa ikiendesha bustani ya wanyama ya London. Bwana huyu alikuwa mwandishi wa The Times katika safari hii. (Waandishi wenzangu, hizo ndizo zilikuwa safari za kikazi. Sisi tunapewa nauli ya basi, tena nusu.) Waliondoka Uingereza tarehe 24 Januari 1920.

Nyuma yao, tarehe 4 Februari, wakaondoka Luteni Kanali Pierre van Ryneveld na Kapteni Quintin Brand wa Afrika Kusini, nao na Vimy yao, Silver Queen. Gazeti la Daily Telegraph likatuma Handley Page kubwa ikiwa na Brackley na Tymms. Mwingine, Cotton, akaja na ndege ya de Havilland. Ghafla ikawa mbio hasa, magazeti yanaandika kila siku nani yuko wapi.

Mmoja mmoja wakachemsha. Cotton aliishia Italia. Handley Page ikavunjika Sudan tarehe 25 Februari. Silver Queen ikaanguka jangwani karibu na Wadi Halfa, lakini injini zikapona. Van Ryneveld na Brand wakarudi Cairo, wakaazima Vimy nyingine jeshini, wakafunga injini zilezile, wakaendelea. Ubishi huo!

Kwa hiyo mwishoni mwa Februari The Times ilikuwa mbele. Ndege yao, pamoja na usumbufu wa injini njia nzima tangu Misri, ikafika Tabora. Tarehe 27 Februari 1920 wakawasha kuondoka. Vimy ikakimbia, ikanyanyuka, ikashindwa kupanda, ikaanguka na kuvunjika isiweze tena kutengenezwa. Wote watano wakatoka hai. Mbio zao zikaishia hapo, kwenye uwanja uliosafishwa kwa jembe.

Kwa nini? Hapa ndipo fundi baiskeli wangu anapoingia. Bawa la ndege linabebwa na hewa inayopita juu na chini yake. Hewa ikiwa nyepesi, bawa linashika kidogo, pangaboi linavuta kidogo, na injini yenyewe inapumua kidogo. Hasara tatu kwa mpigo. Hewa inakuwa nyepesi kwa mambo mawili: mwinuko na joto. Tabora ni kama mita 1,200. Ukiweka joto la nyuzi 30 juu yake, kwa kanuni ya kukadiria wanayotumia marubani, ndege inajiona iko mita 2,000 hivi. Uwanja ambao kule Uingereza ungekutosha na kubaki, hapa unakwisha magurudumu yakiwa bado chini. Marubani wa 1920 walijua hewa hupungua ukipanda, hawakuwa wajinga. Ila ndege yao ilizaliwa kwenye nchi baridi iliyo usawa wa bahari, ikajazwa mafuta na watu watano, ikatakiwa iruke juu ya mlima usioonekana. Maana Tabora haionekani kama mlima, ni tambarare. Huo ndio mtego wa kwetu.

Na usidhani van Ryneveld na Brand waliupita mtego kwa ujanja. Walivuka Abercorn na Ndola salama, lakini tarehe 6 Machi, Bulawayo, uwanda mwingine wa juu, Vimy yao ya pili ikafanya kilekile: ikashindwa kupanda, ikaanguka. Serikali yao ikawatumia ndege ndogo ya DH.9. Wakafika Cape Town tarehe 20 Machi 1920, siku 45, saa 109 na nusu za kuwa angani, ndege tatu. Wakapewa pauni 5,000 kila mmoja na vyeo vya Sir. Washindi, sawa. Lakini hakuna ndege hata moja iliyofika kutoka Cairo.

Ungetegemea somo likawa limeeleweka. Miaka 16 baadaye wakarudia.

Mwaka 1936 Johannesburg ilikuwa na maonyesho makubwa, na tajiri I. W. Schlesinger akaweka zawadi ya jumla ya pauni 10,000 kwa mbio kutoka Portsmouth, Uingereza. Tarehe 29 Septemba zikaruka ndege tisa. Sasa hizi hazikuwa Vimy za mbao na turubai zinazokwenda kama lori; zilikuwa ndege za kasi za wakati wake. Tazama tarehe lakini. Mwisho wa Septemba kuingia Oktoba, wale wa Kasulu na Kibondo mnajua maana yake: mapori yameungua miezi mitatu, moshi umefunika nchi, jua lina rangi ya chungwa, na mvua za kwanza zinatishia kila jioni. Huoni kilima mpaka umekifikia.

Oktoba mosi Airspeed Envoy ya Max Findlay na Ken Waller ikajaribu kuondoka Abercorn. Mbala ni juu zaidi ya Tabora, karibu mita 1,670. Ndege haikupanda. Findlay akafa, na mwendesha redio A. H. Morgan akafa. Waller na abiria mmoja wakapona. Katika mbio hizohizo Llewellyn na Hughesdon nao waliishia kuvunja ndege kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Timu mbili kati ya tisa, zote pembeni ya ziwa letu.

Waliofika Johannesburg? Moja tu. C. W. A. Scott na Giles Guthrie, kwa Vega Gull ndogo yenye injini moja, saa 52, dakika 56, sekunde 48. Nane nyingine zilitawanyika njiani kuanzia Ulaya mpaka Rhodesia. Nimeangalia aina ya ndege iliyoshinda mara mbili, maana nilidhani nimekosea. Lakini Llewellyn naye alikuwa na Vega Gull. Kwa hiyo msije mkasema ni ndege.

Kwa muda mrefu nilifikiri hadithi inaishia hapo, kwamba hewa ya nyanda zetu ni adui wa anayeruka. Halafu nikakutana na habari za Colin Pennycuick, mwanabiolojia Mwingereza aliyefundisha Nairobi, kisha miaka ya mwanzo ya 1970 akafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti ya Serengeti. Huyu alikuwa na ndege nyembamba yenye mabawa marefu, zile zinazoteleza hewani bila injini. Yake ilikuwa na kainjini kadogo ka kujinyanyulia tu. Akishafika juu anakazima. Kisha anaingia katikati ya tai na kuzunguka nao. Si mfano jamani, anaingia kweli, anapanda pamoja nao, anapima kasi yao kwa vipimo vya ndege yake.

Alichokipima ndicho fundi baiskeli alichoniambia. Jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa, hewa inapanda kama moshi wa chungu, na tai anakaa ndani ya nguzo hiyo anazunguka mpaka juu. Akifika, anateleza kwenda nguzo nyingine. Hivyo ndivyo anavyosafiri makumi ya kilomita kufuata nyumbu bila kuchoka. Na hatoki alfajiri! Anasubiri asubuhi ikolee. Joto lile lile lililoiangusha Vimy ya Tabora ndilo linalombeba tai.

Kuna watu wanashindana kwa ndege hizi, mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Wasserkuppe, Ujerumani, mwaka 1937, mwaka mmoja tu baada ya balaa la Abercorn. Kwa jirani zetu Kenya iliundwa klabu Mweiga, karibu na Nyeri, kwenye uwanda wa juu kama wetu. Mshindani wa huko asubuhi hatazami injini kwa sababu hana. Anatazama wingu. Akiondoka mapema anakosa cha kumpandisha, anatua kwenye shamba la mtu. Akichelewa, wingu lililokuwa rafiki saa sita linakuwa la radi saa tisa. Kazi yote ni kujua saa. Na mimi nikajiuliza kama wale wa 1920 na 1936 waliwahi kumuuliza mtu yeyote wa Tabora au Abercorn ndege iondoke saa ngapi. Magazeti yao yalihesabu siku na dakika. Kwenye mbio, nani anakubali kulala uwanjani mpaka hewa ipoe?

Wiki iliyopita nilipokuwa Kibondo nikapita kule uwanjani. Fundi baiskeli alishafariki, pale alipokaa pana kibanda cha kuchaji simu na kutumia pesa. Ilikuwa saa saba mchana, wingu limeanza kukusanyika upande wa Burundi, na tai mmoja alikuwa juu kabisa, nukta tu. Vijana wawili wa shule walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha kibanda. Nikawauliza kama kuna ndege leo. Mmoja akasema walisikia ipo, inakuja saa nane.

"Mnasemaje, itatua?"

Wakatazamana. Mkubwa akauliza nawekeza nini. Nikatoa elfu mbili, nikasema itatua. Nilijua haitui, tai nimemwona kwa macho yangu. Tukakaa, tukasubiri, mvua ikaja kutoka bondeni kama pazia. Saa nane na robo tukasikia mngurumo juu ya wingu, ukazunguka mara moja, mara mbili, ukaelekea mashariki.

Nikawapa elfu mbili yao, nikaondoka na mvua.